Robo Tangi

Haikuzimika ghafla. Ilianza na kikohozi,
kilima cha Pongwe, magunia kumi na mawili ya machungwa ya Muheza mgongoni,
mshale wa dizeli umesimama robo.
Ikavuta, ikasita. Ikavuta.
Ikanyamaza.

Ukingoja dakika kumi, inawaka.
Hilo ndilo lililonitia wazimu: inawaka
kama si yenyewe,
inakwenda hadi Kange, inakata tena
mbele ya watu wanaonijua.

Chujio nilibadili, mara mbili.
Nozeli nikazipeleka Ngamiani zikapimwe; zikarudi na bili.
Pampu ya mkono niliibonyeza hadi kidole gumba kikavimba,
nikalegeza nati, povu likatoka, likaisha,
nikasema leo imepona.
Ugonjwa usio na jina
hutafutiwa mchawi.

Wangu nikampata karibu: Hiza, utingo,
kijana wa Amboni, meno ya mbele yamepishana,
ndiye anayelala na gari,
ndiye mwenye mpira wa kunyonyea.
Nikamwambia, unaniibia dizeli, unafidia kwa maji.
Akasema, "Bosi, maji yangetuama chini ya chujio. Tungeyaona."
Nikamwambia asinifundishe gari langu.
Akachukua kandambili zake na chaja ya simu.
Ujira wa siku kumi na moja sikumpa.

Fundi Mdoe wa Mikanjuni hakuuliza mengi.
Alifunga dumu la lita kumi kwenye bodi,
akachomoa mpira unaotoka tangini, akautumbukiza dumuni.
"Nenda. Ukirudi utaniambia."
Nikaenda Muheza, nikarudi. Haikukohoa hata mara moja.
"Basi moyo mzima," akasema. "Kinachoumwa ni tumbo."

Akaweka mdomo kwenye bomba la tangi, akapuliza,
akaniinulia kidole: sikiliza.
Tangi lenye afya hububujika.
Langu liliguna, pumzi imebanwa,
kisha kitu ndani kikaachia, plap,
kama ndala kwenye sakafu yenye maji.

Tukamwaga dizeli. Tukalala chali,
mikanda miwili, nati nne, kutu machoni.
Akaingiza waya wenye ndoano, akawa anasema huku anapapasa:
"Injini ikifyonza, kinakimbilia mdomoni mwa bomba.
Ukizima, kinadondoka, kinalala chini, kinakungoja.
Tangi likijaa, kina pa kuzurura.
Likibaki robo, kitakwenda wapi?"

Ndoano ikatoka na kitambaa.
Drafti, kijani na nyeupe. Pindo la shati,
na kifungo kimoja bado kimeshika uzi.

Mdoe alikisuuza kwa mafuta ya taa,
akakitandaza juu ya boneti, akaenda kunawa.
Nililijua lile shati. Limetundikwa msumarini kwangu, Mabawa,
limechanika upande wa kushoto tangu usiku ule wa mvua,
barabara ya Mkanyageni, kifuniko cha tangi kimeanguka sijui wapi,
nikararua kwa meno, nikaziba.
Kulipokucha nikanunua kifuniko kipya.
Kitambaa kimekwenda wapi, sikujiuliza.

Hiza aliuliza.
Sasa nakumbuka kwamba Hiza aliuliza.

Juzi nimepanda Pongwe mshale ukigusa wekundu,
gari halikusita.
Siku kumi na moja kwa elfu nane: elfu themanini na nane.
Nimezifunga ndani ya kile kitambaa, ziko kwenye dashibodi,
zinanuka dizeli.
Namba yake haipatikani.
Wanasema kaonekana kwenye lori la kokoto,
lipi, hawajui,
kwa hiyo yakipita, napunguza mwendo,
natazama kiti cha kushoto.